Mwalimu Asiyetia Saini

Mwalimu hakuamini maandishi yaliyochapwa juu ya kitu. Ukimletea chupa ya dawa, atasoma karatasi yake, kisha ataifungua na kunusa. Ukimletea bodi ya kompyuta, zile ndogo zinazoenea kwenye kiganja, hataangalia jina kubwa lililochapwa katikati. Atatoa lenzi yake mfukoni, ile iliyofungwa uzi wa kiatu, na kuanza kutafuta kijiwe cha kwarzi pembeni, kile kinachoipigia bodi mapigo ya saa, chenye namba ndogo ambazo hata sisi wenye macho mazima tulizikosa. Wauzaji wa soko la Birere, pale Goma, walimjua. Wakimwona anapenya kati ya pikipiki na vibanda, walianza kucheka kabla hajafika.

"Mwalimu, bodi ni ile ile ya juzi!" mmoja alimwambia siku moja nikiwepo.

"Jina ni ile ile," akajibu. "Bodi, tutaona."

Akaangalia bodi kumi na mbili, moja moja, huku wateja wengine wakimpita, na akarudisha tatu. Muuzaji alinigeukia mimi kana kwamba mzee ni wangu. "Mama, muzee wako atanifilisi." Nilimwambia azoee, mimi nimekwisha zoea.

Alizaliwa wapi sijui, na ukoo wake siujui. Nilimkuta Goma akiwa tayari mtu mzima mwenye mvi, mwalimu wa umeme asiye na shule, amekimbia vita vya upande wa kaskazini miaka mingi kabla. Watoto wake walikuwa watu wazima, wanaishi Kampala. Alipanga chumba mtaa wa Majengo kwa mama mmoja mjane ambaye sote tulimwita Mama Mwenye Nyumba, na ambaye kwa miaka yote hiyo alimwita Mwalimu, kama sisi.

Karakana yetu ilikuwa mtaa wa Himbi, vyumba viwili nyuma ya nyumba ya watu wenye uwezo. Tulikuwa watatu: Mwalimu, Saidi, kijana wa familia ya wafanyabiashara kutoka Maniema, mwenye mkono wa kuchomea waya ambao sijaona mwingine mfano wake, na mimi, binti wa Butembo niliyesoma informatiki, elimu ya kompyuta, na kudhani najua. Tulitengeneza visanduku vya kutia klorini kwenye maji. Waliokimbia vita walikuwa wamejaa pembezoni mwa mji, chini ya maturubai, juu ya mawe ya volkano ambayo hata kigingi hakiingii, na maji yao yalitoka ziwani. Kwenye kila tangi palikuwa na kisanduku chetu, na kila kisanduku kilidondosha dawa kwa kipimo, tone baada ya tone, kwa kufuata saa iliyomo ndani. Dawa ikipungua, kipindupindu kinaingia. Ikizidi, watu wanayakataa maji na kurudi kuchota ziwani, ambako kipindupindu kinawangoja.

Lazima nieleze kazi yake, maana bila hiyo hutamwelewa. Ndani ya kisanduku kuna kerneli, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta, inayoamuru vyuma vyote. Lakini kwenye bodi hizi ndogo kerneli haina macho. Haijui kuna pampu gani, waya upi umeunganishwa wapi, wala kwarzi inapiga mara ngapi kwa sekunde. Lazima iandikiwe. Kuna faili la maelezo linaloorodhesha vyuma vilivyopo, na kuna programu ndogo ndogo, sisi tulikuwa tunaziita pilote, ambazo kila moja inaendesha chuma chake. Mwalimu alikuwa mtu wa maelezo na wa pilote ya saa. Mtu akimuuliza anafanya nini maishani, alisema: "Niko naelezea kipofu nyumba yake."

Alipojiunga nasi tulikuwa na mafaili kumi na moja, karibu sawa yote, kwa sababu kila bodi mpya ilipokuja tulinakili faili la zamani na kubadilisha hapa na pale. Kosa likionekana kwenye moja, yale kumi yanabaki nalo. Mwalimu aliyatazama siku mbili bila kugusa kitu. Siku ya tatu alichukua daftari la mistari ya miraba, kama la mtoto wa shule ya msingi, akaanza kuandika kwa mkono. Upande mmoja, vitu ambavyo bodi zote zinavyo. Upande mwingine, kila bodi na kile kinachoitofautisha na wenzake. Ilimchukua miezi. Mwishoni tulikuwa na faili moja la pamoja na vijifaili vifupi, na ungeweza kusoma kijifaili kimoja ukiwa umesimama na ukajua bodi ile ina nini ambacho zingine hazina. Saidi alisema ni mara ya kwanza kuona kompyuta imefagiliwa.

Amri yake ilikuwa moja tu: "Andika kile kiko. Usiandike kile unatamani." Alituambia hivyo asubuhi, mchana, na wakati tunakula sambaza, dagaa wa ziwani, kwenye sahani moja. Tuliichoka. Saidi alimwigiza vizuri sana, na mdomo uleule uliovutwa pembeni, mpaka siku moja alipogeuka akamkuta Mwalimu amesimama mlangoni. Mwalimu akasema sauti bado haijakaa sawa, akamwonyesha.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Huyu mtu wa saa hakuwa na saa. Alichelewa kila mahali: kazini, misani, hata kwenye mazishi ya watu aliowapenda. Misani aliingia nyuma padri akiwa ameanza mahubiri, na kutoka kabla ya matangazo. Alidai usafi wa mistari huku koti lake likiwa na madoa ya majira yote. Aliweza kumkemea Saidi kwa nafasi moja iliyozidi kwenye faili, kisha asahau chungu cha maharagwe motoni mpaka Mama Mwenye Nyumba aje kuita majirani. Na alikuwa mkaidi. Kukubali kosa la mwenzake kulimchukua dakika moja, la kwake wiki.

Ila kosa kubwa kuliko yote lilikuwa la kwetu sote watatu, na hilo alilikubali papo hapo. Vita vilikuwa vimesogea, bunduki nzito zilikuwa zinasikika kutoka upande wa milima, na watu wapya walikuwa wanafika kwa maelfu. Tulitakiwa kuweka visanduku vitano kwa siku mbili. Bodi zikaja kutoka Birere, jina lile lile, rangi ile ile, na kwa mara ya kwanza Mwalimu hakutoa lenzi. Saidi akanakili maelezo ya bodi za zamani, mimi nikayapakia, Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Kwarzi za bodi hizo zilikuwa zinapiga polepole kuliko tulivyoandika. Kerneli ikaamini maandishi. Dakika ya kisanduku ikawa ndefu kuliko dakika ya watu, na matone yakapungua.

Aliyegundua hakuwa mmoja wetu. Ni mama mmoja kwenye foleni ya bidoni za maji, mwanamke wa Masisi aliyebeba mtoto mgongoni, aliyenusa maji na kusema: "Hii maji haina harufu tena. Dawa yenu imeisha?"

Tulimwambia dawa ipo, angalia, kisanduku kinawaka. Mwalimu alisogea bombani. Aliinama, akachota kwa kiganja, akanusa. Kisha akafunga bomba kwa mkono wake, mbele ya watu mia na zaidi waliokuwa wamesimama tangu alfajiri, na akageuka kuwatazama.

"Bandugu," akasema, "kosa ni ya kwetu. Saa iko naenda pole. Mutusamehe, mungojee."

Walimtukana. Alisimama pale akatukanwa mpaka kelele zikaisha zenyewe, kisha akafungua kisanduku na kutoa lenzi. Siku ile tulizunguka kwenye matangi yote matano. Muuguzi wa kambi alitia dawa kwa mkono wakati sisi tunasahihisha, na kadiri tulivyojua hakuna aliyeugua kwa sababu yetu. Yule mama wa Masisi, Mwalimu alimtafuta jioni ile ile ili kumshukuru. Alikuwa anamtaja kila tulipopokea bodi mpya, kama mtu anavyomtaja mkaguzi wa shule.

Sasa nifike kwenye jambo lililotugombanisha.

Kerneli tuliyotumia ni ya watu wote. Wanaoitunza wametawanyika duniani, wengi wao hawajaonana, na yeyote anaweza kuwatumia kazi yake kwa barua pepe. Wakiikubali inaingia ndani ya kerneli yenyewe, na kuanzia hapo kila toleo jipya linatoka nayo. Fundi yeyote, popote, akiwa na bodi ile, ataikuta. Wasipoikubali, au usipoituma, inabaki kwako. Ya kwetu ilibaki kwetu. Kila toleo jipya lilipotoka tulibeba mafaili yale kuyaingiza humo upya, tukakuta hiki kimevunjika na kile kimehamishwa, na wiki tatu zikapita. Kama Mwalimu angekufa, au sisi kutawanyika, kazi ile ingekufa nasi, na visanduku vingeharibika kimoja kimoja bila mtu wa kuvifufua. Sote tulijua. Yeye alijua zaidi.

Sharti la kutuma ni dogo: chini ya kila badiliko, aliyeliandika anaweka jina lake la kweli, kuthibitisha kwamba kazi ni yake na anaitoa kwa hiari. Na Mwalimu alikuwa haweki jina lake popote. Laini ya simu yake ilisajiliwa kwa jina la Mama Mwenye Nyumba. Parokiani hakuwa kwenye daftari. Walipokuja kuandika waliokimbia ili wapewe maturubai na chakula, wakati anafika Goma hana hata sufuria, alikataa kuandikwa. Kadi ya mpiga kura alikuwa nayo, maana kwenye vizuizi bila kadi hupiti, lakini aliishika kidole kikiwa juu ya jina. Mimi niliyefanya kazi naye miaka yote ile sikulijua.

Nikapata suluhisho, au niliona hivyo.

"Mwalimu, acha nitie yangu," nikamwambia. "Kazi itaingia, mambo kwisha."

"Uliandika weye?"

"Hapana, lakini…"

"Basi hapana."

"Saidi atie."

"Saidi aliandika?"

Hasira ikanipanda. Wiki ile tulikuwa tumemaliza kubeba mafaili kwa mara ya nne, macho yananiuma. Nilimwambia kile ambacho mtoto wa watu hamwambii mzee. "Kila siku unatuimbia andika kile kiko. Na weye mwenyewe hauko kwenye karatasi ata moja! Maji ya batu itakufa juu ya jina yako?"

Saidi akatoka nje. Mwalimu akaweka kalamu chini, na akanieleza huku anatazama daftari.

"Kulikuwa préfet, mukubwa wa masomo yetu, rafiki yangu sana," akasema. "Bale ba bunduki balikuwa banalala mu madarasa, banachoma mabanchi ya banafunzi juu ya kupika. Miye nikaandika barua ya kubaomba batoke. Mwandiko yangu ilikuwa muzuri. Nikataka kutia saini, yeye akasema, 'Hapana, weye uko na batoto badogo, acha nitie yangu.' Nikaacha. Kisha tukakimbia, tuko pamoja na batu bengi, tukafika ku barrière, kizuizi yabo. Bakatoa karatasi, bakaanza kusoma majina. Yake ilikuwa ya pili. Miye nikapita, yeye akabaki pale."

Alifunga daftari.

"Kuandika, niliandika miye. Kusaini, akasaini yeye. Basi usiniombe tena mutu atie jina ku kazi yangu. Na yangu, mukono inakataa."

Niliona haya, na haya ile haijaniisha mpaka leo. Sikumwomba tena. Tuliendelea kubeba mafaili, na Saidi hakumwigiza tena kwa muda mrefu.

Kuna siku nyingine napenda kuikumbuka, kwa kuwa ilikuwa ya kucheka. Pampu mpya ilikuwa inaanza vizuri kila ukiwasha kisanduku, kisha baada ya muda mfupi inakata. Saidi alibadilisha waya, akabadilisha pampu, akabadilisha hata betri. Mwalimu alifika, amechelewa kama kawaida, akasoma maelezo akiwa amesimama. Ndani ya bodi mna saa nyingi ndogo zinazopigia vyuma mapigo, na kerneli ikimaliza kuamka, inazima kila saa ambayo hakuna chuma kilichosema kinaihitaji. Ni kubana umeme. Na sisi tulikuwa tumesahau kuandika kwamba pampu ile inategemea saa fulani.

"Saa haina mwenyewe," akasema. "Hakuna mutu aliidai. Bakaizima."

Saidi akapendekeza tuiambie kerneli isizime saa yoyote, mambo yaishe. Mwalimu akamwuliza kama nyumbani kwao, ufunguo ukipotea, wanang'oa mlango. Tukaandika mstari mmoja, pampu ikaenda, na mzee akadai chai kwa kazi ya dakika mbili.

Kisha vita vikaingia mjini. Siku zile sitazieleza. Kila mtu wa Goma ana zake. Karakana ilivunjwa, wakabeba mashine, meza, na hata soketi za ukutani. Saidi aliondoka kwenda Kindu kwa ndugu zake. Mimi nilivuka mpaka na kompyuta yangu nimeifunga kwenye kikwembe cha kitenge mgongoni kama mtoto, nayo ndiyo iliyobaki na nakala ya kazi yetu. Nikakaa ng'ambo miezi kadhaa. Kila nilipopiga ile namba ya simu, alipokea Mama Mwenye Nyumba na kunipa taarifa ile ile: "Yuko. Anakula. Anasumbua."

Niliporudi nilikwenda Majengo moja kwa moja. Ilikuwa asubuhi, umeme umerudi. Mwalimu alikuwa ameketi chumbani kwake kwenye kitanda, amekonda, koti ni lile lile. Hakuniuliza nilikuwa wapi.

"Uko na kazi?" akauliza.

Nikamwonyesha kompyuta.

Akanieleza kilichotokea. Makambi yalikuwa yamevunjwa, watu wameambiwa warudi walikotoka, na walipoondoka waliondoka na walichoweza kubeba, visanduku vyetu vikiwemo. Kimoja kimeonekana njia ya Masisi, kingine kimefika mpaka mbali kaskazini kwenye chanzo cha maji cha kijiji. Watu wanamtafuta kupitia watu. Fundi mmoja alipiga simu kwamba kisanduku chake kimeharibika, ameweka bodi mpya na kerneli mpya, na kerneli haijui kitu.

"Anataka maelezo," Mwalimu akasema. "Nitamutumia na nini? Na baiskeli? Na mwingine kesho atatoka wapi?" Akaigonga kompyuta kwa kidole. "Bitu bilienda na batu. Maelezo nayo iende pahali kila mutu anaweza kuikuta."

Nilielewa, lakini nilikuwa nimeapa kutomwomba. Akaniomba nifungue kazi yote, badiliko moja moja, la vyuma na la saa. Akasoma kila mstari kwa lenzi, kwenye kioo cha kompyuta, mpaka saa sita ikapita. Kisha akavuta kompyuta magotini, na kwa vidole viwili, chini ya badiliko la kwanza, akaandika majina yake matatu. Akaandika chini ya la pili, la tatu, mpaka la mwisho. Alikataa nimnakilie.

Tulituma. Sikulala vizuri siku zile, nakiri. Nilijua vizuri kwamba watu wale wa mbali hawana bunduki wala kizuizi, hata hivyo nililiogopea jina lile, kana kwamba nimelitoa nje kwenye mvua.

Siku ya nne jibu lilikuja, nikalipeleka Majengo. Mwalimu hakutaka kulishika. Alikaa mbali, karibu na dirisha, akaniambia nisome. Lilikuwa la Kiingereza, nikawa namgeuzia kwa Kiswahili. Mwandishi wake, mtu wa nchi ambayo hatukuijua, alishukuru kwa kazi. Alisema maelezo yamepangwa vizuri. Alitaka vyuma vipangwe kwa kufuata anwani zake ndani ya bodi, kimoja kilikuwa kimekaa mahali pa mwenzake. Alitaka jina la saa moja libadilishwe lifuate desturi. Baada ya hapo, tutume tena, ataipitisha.

"Ni vile tu?" Mwalimu akauliza.

"Ni vile tu."

"Juu ya jina yangu hakusema kitu?"

"Hakusema kitu. Alikusalimia nayo tu, pale mwanzo."

Akafikiri. "Soma pale mwanzo."

Nikasoma: habari, na jina lake la kwanza.

"Tena."

Nikasoma tena. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza kama mtu anayesikiliza injini. Akaniashiria kwa mkono, mara nyingine, na safari hii nikalitamka kwa sauti kubwa.

Mama Mwenye Nyumba alikuwa uani akitwanga sombe ya majani ya muhogo. Mchi ukasimama.

"Munaita nani humo ndani?" akauliza. "Kuko mugeni?"

Mwalimu akatazama mlango. Nikadhani ataniachia mimi nijibu.

"Hakuna mugeni, Mama," akasema. "Ni miye banaita."